Texas Iliifunga Oklahoma, Kwa Nini Haikupita? Msimamo wa Big 12 wa Mwaka 2008

Msomaji mmoja anayeishi Dallas, Marekani, ameniandikia kwamba kila ifikapo Oktoba wafanyakazi wenzake huanza ubishi juu ya namba 45–35, na ubishi huo huwa haumaliziki hata msimu wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo ukiisha. Ameutafuta msimamo wa konferensi ya Big 12 wa mwaka 2008 ili aelewe wanachobishania, na amekuta jambo lililomchanganya zaidi. Katika Kanda ya Kaskazini, Missouri na Nebraska zilimaliza zikiwa na rekodi sawa, na Missouri ikawekwa juu kwa sababu iliifunga Nebraska. Katika Kanda ya Kusini, Oklahoma na Texas nazo zilimaliza zikiwa sawa, Texas ilikuwa imeifunga Oklahoma 45–35, lakini aliyepita kwenda mechi ya ubingwa wa konferensi ni Oklahoma. Anauliza: inawezekanaje msimamo mmoja uwe na sheria mbili?

Ndugu msomaji, sheria ilikuwa moja. Tofauti ni kwamba Kaskazini zililingana timu mbili, na Kusini zililingana tatu. Jina la tatu, Texas Tech, ndilo ambalo wenzako hulisahau kila wanapoanza kubishana, na bila jina hilo hakuna jambo lolote katika msimamo wa mwaka ule litakaloeleweka. Naomba unifuate taratibu, kwa sababu huu ni miongoni mwa misimamo michache ya futiboli ya vyuo ambayo kila mstari wake unastahili kusomwa.

Kwanza, namna ya kuusoma. Konferensi ni muungano wa vyuo vinavyocheza vyenyewe kwa vyenyewe na kumtoa bingwa wao; kwa msomaji aliyezoea soka, ni kama ligi ndani ya nchi yenye ligi nyingi zinazolingana hadhi. Big 12 ya mwaka 2008 ilikuwa na timu 12 zilizogawanywa katika kanda mbili za timu sita sita. Kila timu ilicheza mechi nane za konferensi: tano dhidi ya timu za kanda yake, na tatu dhidi ya timu za kanda ya pili. Mechi nyingine nne za msimu zilichezwa dhidi ya timu za nje. Ndiyo maana katika msimamo unaona safu mbili za namba, moja ya mechi za konferensi na nyingine ya mechi zote, na katika kila safu namba ya kwanza ni ya kushinda na ya pili ni ya kushindwa. Sare hazipo, kwa kuwa tangu mwaka 1996 mechi za vyuo zinazolingana huendelea na muda wa nyongeza mpaka mshindi apatikane. Hakuna pointi tatu wala pointi moja. Kinachohesabiwa ni ushindi na kushindwa tu. Nafasi ndani ya kanda huamuliwa na safu ya konferensi peke yake, kwa hiyo Nebraska ilipofungwa na Virginia Tech 35–30 mwezi Septemba, kipigo hicho hakikuigusa hata kidogo nafasi yake katika Kanda ya Kaskazini. Liweke jambo hili akilini, kwani mechi za nje zilizofungiwa mlango wa mbele ndizo zitakazokuja kuingia kwa mlango wa nyuma.

Kaskazini hakuna mengi ya kueleza. Missouri na Nebraska zilimaliza 5–3, Kansas 4–4, Colorado na Kansas State 2–6 kila moja, na Iowa State 0–8. Timu mbili zikilingana, kigezo cha kwanza ni mechi iliyozikutanisha, na Missouri ilikuwa imekwenda Lincoln tarehe 4 Oktoba na kuifunga Nebraska 52–17 mbele ya mashabiki wake. Suala likaishia hapo. Missouri ikawa mwakilishi wa Kaskazini katika mechi ya ubingwa, ingawa tarehe 29 Novemba ilifungwa na Kansas 40–37. Ni haki pia kusema kwamba kanda hiyo ilikuwa dhaifu mwaka ule: katika mechi 18 zilizozikutanisha kanda mbili, Kusini ilishinda 15. Tatu ilizozipata Kaskazini zilikuwa dhidi ya Baylor, iliyofungwa na Nebraska na Missouri, na Texas A&M, iliyofungwa na Kansas State. Baylor na Texas A&M ndizo timu zilizoburuta mkia Kusini, zikiwa 2–6.

Juu yao kulikuwa na Oklahoma State iliyomaliza 5–3, na juu kabisa timu tatu zenye 7–1: Oklahoma, Texas na Texas Tech. Kila moja ilikuwa imeshinda mechi 11 na kufungwa moja kwa jumla, na kila moja ilikuwa imefungwa na mmojawapo wa hao wengine wawili. Zilifungana kwa mzunguko, na mzunguko wenyewe ulichezwa kwa nafasi ya wiki tatu tatu kamili.

Tarehe 11 Oktoba, Oklahoma ikiwa ya kwanza katika kura za taifa na Texas ikiwa ya tano, zilikutana katika uwanja wa Cotton Bowl mjini Dallas, ndani ya viwanja vya maonesho ya jimbo la Texas, mahali ambapo timu hizi mbili hukutana kila mwaka bila yeyote kuwa mwenyeji. Oklahoma ilitangulia, lakini Jordan Shipley wa Texas akaudaka mpira wa kuanzia na kukimbia nao yadi 96 mpaka mwisho wa uwanja, na mechi ikabadilika sura. Texas ilishinda 45–35 na muda si mrefu ikashika namba moja ya taifa.

Tarehe 1 Novemba Texas ilikwenda Lubbock kucheza na Texas Tech. Hii ndiyo mechi ambayo ningemwomba kila mpya katika mchezo huu aitazame kabla ya nyingine zote. Texas ilikuwa nyuma kwa sehemu kubwa ya mechi, ikajikongoja mpaka ikaongoza 33–32 zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili. Ndipo Graham Harrell wa Texas Tech alipomrushia Michael Crabtree pasi pembezoni mwa uwanja. Crabtree akaidaka, akamponyoka mlinzi na kuingia eneo la kufungia ikiwa imebaki sekunde moja kwenye saa. Matokeo yakawa 39–33. Chukua sekunde chache tu kutoka kwenye saa ya usiku ule, na hapangekuwa na swali lolote la kuniuliza: Texas ingeongoza Kusini bila kupingwa.

Tarehe 22 Novemba Texas Tech ilifika Norman, nyumbani kwa Oklahoma, ikiwa haijafungwa, 10–0, ya pili katika taifa, ikihitaji ushindi huo kujiwekea njia nyeupe ya kuichukua kanda. Ilikuta ukuta. Kufikia mapumziko Oklahoma ilikuwa mbele 42–7, na mechi ikaisha 65–21. Sasa duara likawa limekamilika: Texas kaifunga Oklahoma, Texas Tech kaifunga Texas, Oklahoma kaifunga Texas Tech. Wiki iliyofuata kila moja ilifanya wajibu wake wa mwisho. Texas iliifunga Texas A&M 49–9, Oklahoma iliifunga Oklahoma State 61–41 ugenini mjini Stillwater, na Texas Tech ikaponea chupuchupu kwa Baylor, 35–28.

Hapo ndipo kanuni ya Big 12 ya kutenganisha timu tatu ilipoanza kufanya kazi, na inafaa tuipitie hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza ilitazama mechi za timu hizo tatu zenyewe kwa zenyewe: kila moja ilikuwa na ushindi mmoja na kipigo kimoja. Ya pili ilitazama rekodi ndani ya kanda: kila moja ilikuwa 4–1. Ya tatu ilitazama matokeo dhidi ya timu zilizofuata katika kanda, kuanzia ya nne kwenda chini, na zote tatu zilikuwa zimezifunga Oklahoma State, Baylor na Texas A&M. Ya nne ilitazama wapinzani wa konferensi waliochezwa na wote. Kutoka Kaskazini mpinzani huyo alikuwa Kansas peke yake, naye alifungwa na wote watatu. Hatua nne zilipita bila kupata hata unywele wa tofauti. Ya tano ilisema kwamba mwakilishi wa kanda atakuwa timu iliyo juu zaidi katika orodha ya BCS itakayotolewa baada ya mechi za kawaida za konferensi kumalizika.

BCS ulikuwa mfumo wa taifa wa kuwapata wawili wa kucheza fainali ya nchi nzima. Orodha yake ilitengenezwa kwa mafungu matatu yenye uzito sawa: kura ya makocha, kura ya jopo la Harris, na wastani wa programu sita za kompyuta baada ya kuondolewa alama ya juu na ya chini. Orodha ilipotoka tarehe 30 Novemba, Oklahoma ilikuwa ya pili na Texas ya tatu, zikitenganishwa na alama 0.0128. Katika kura ya makocha, Oklahoma iliizidi Texas kwa pointi moja tu. Wapiga kura, kwa maneno mengine, walikuwa wamegawanyika karibu nusu kwa nusu, na kompyuta ndizo zilizoipandisha Oklahoma.

Kompyuta hizo zilifuata nini? Zilikuwa zimekatazwa kuhesabu ukubwa wa ushindi, kwa hiyo 65–21 haikuwa na thamani zaidi ya ushindi wa pointi moja. Zilichohesabu ni nani kamfunga nani, na ugumu wa aliyefungwa. Na hapa ndipo mechi za nje zilipoingia kwa mlango wa nyuma niliokutajia. Nje ya konferensi, Oklahoma ilikuwa imeifunga Cincinnati 52–26 na TCU 35–10, timu mbili zilizokuja kuwa na msimu mzuri sana. Texas ilikuwa imecheza na Florida Atlantic, UTEP, Rice na Arkansas, ikazishinda zote kwa urahisi bila kupata sifa kubwa kwa kompyuta. Ratiba hizi hupangwa miaka kadhaa mapema, kabla mtu yeyote hajajua nani atakuwa imara mwaka gani. Hivyo mwakilishi wa Kusini alipatikana kwa kiasi kikubwa kutokana na mechi za Septemba dhidi ya timu ambazo hazikuwa za Big 12. Mimi nauona huu kuwa udhaifu mkubwa wa kanuni ile, kwa sababu nafasi ya konferensi iliamuliwa na matokeo ambayo safu ya konferensi yenyewe haiyatambui.

Lakini kuikosoa kanuni si sawa na kusema kwamba Texas ilidhulumiwa. Hoja ya 45–35 ina nguvu pale tu unapokubali kwanza kuiondoa Texas Tech mezani. Je, nani ana mamlaka ya kuiondoa? Ukisema kwamba mechi ya ana kwa ana ni takatifu, basi shabiki wa Lubbock atakukumbusha 39–33, na kwa kipimo hicho hicho yeye yuko juu ya Texas. Ukimjibu kwamba timu yake ilichapwa 65–21, basi umeiacha hoja ya nani kamfunga nani na umeanza kuhesabu pointi. Na ukianza kuhesabu pointi, Texas ndiyo inayopoteza. Katika mechi tatu za mzunguko ule, Oklahoma ilifunga pointi 100 na kufungwa 66, Texas ilifunga 78 na kufungwa 74, na Texas Tech ilifunga 60 na kufungwa 98. Nimejumlisha pia mechi zote nane za konferensi: Oklahoma inabaki na ziada ya pointi 195, Texas 149, Texas Tech 101.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hapa kuna ulinganisho wenye manufaa. Ligi Kuu ya Uingereza hutenganisha timu zilizolingana kwa tofauti ya mabao ya msimu mzima, na makundi ya AFCON huanza na matokeo ya timu zilizolingana zenyewe kwa zenyewe, kisha tofauti ya mabao katika mechi hizo. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, Oklahoma ingeongoza. Wamarekani wameikwepa njia hiyo kwa sababu inayoeleweka: katika mchezo ambao timu kubwa inaweza kuifunga ndogo kwa pointi 60, kuhesabu pointi ni kuwaalika makocha waendelee kumkandamiza aliyekwisha kuanguka. Hata hivyo, wapiga kura wana macho. Oklahoma ilifunga pointi 60 au zaidi katika mechi nne mfululizo kabla ya orodha kutoka, ya mwisho ikiwa ile ya Stillwater iliyochezwa siku moja tu kabla yake, na siamini kwamba hilo halikuwagusa walioshika kalamu. Wakati nao una uzito wake: Oklahoma ilifungwa Oktoba 11, Texas ilifungwa Novemba 1, na kipigo cha zamani husahaulika kwanza.

Texas ina hoja moja ambayo mimi naiona kuwa bora kuliko 45–35, nayo haitajwi sana. Katika mzunguko ule, Oklahoma ilimfunga Texas Tech ikiwa nyumbani, na Texas Tech ilimfunga Texas ikiwa nyumbani. Texas peke yake haikupata mechi ya nyumbani. Ilicheza moja uwanja usio na mwenyeji na nyingine ugenini, na hiyo ya ugenini ikaipoteza katika sekunde ya mwisho. Hakuna kigezo hata kimoja kati ya vile vitano kilichotambua tofauti hiyo.

Kulikuwa pia na kanuni nyingine iliyokuwa ikitumika wakati huo huo katika konferensi jirani ya SEC. Huko, timu tatu zikilingana na kufika hatua ya BCS, orodha hiyo ilitumika kumpata aliye juu, isipokuwa kama wa pili yuko ndani ya nafasi tano nyuma yake; hapo wawili hao walitenganishwa na mechi iliyowakutanisha. Kwa kanuni hiyo, Texas ndiyo ingekwenda kwenye mechi ya ubingwa, maana ilikuwa nafasi moja tu chini ya Oklahoma. Kwa hiyo ukitaka kumjibu mwenzako kwa usahihi, mwambie kwamba Texas ilikosa nafasi kwa sababu ya kanuni ambayo vyuo vya Big 12, Texas ikiwa mmoja wao, vilikuwa vimeikubali kabla ya msimu kuanza.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Tarehe 6 Desemba, katika uwanja wa Arrowhead mjini Kansas City, Oklahoma iliifunga Missouri 62–21 na kuwa bingwa wa Big 12. Kwotabeki wake (mrushaji mkuu wa pasi), Sam Bradford, alipewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa futiboli ya vyuo, na Colt McCoy wa Texas akashika nafasi ya pili. Fainali ya taifa ilichezwa Miami tarehe 8 Januari 2009, na Florida ikaifunga Oklahoma 24–14. Texas ilipelekwa Arizona kwenye Fiesta Bowl, ikaifunga Ohio State 24–21 na kumaliza 12–1, rekodi iliyo nzuri kuliko 12–2 ya Oklahoma. Texas Tech ilikuwa ya saba katika orodha ya mwisho ya BCS, lakini konferensi moja haikuruhusiwa kutoa zaidi ya timu mbili katika mechi kubwa za mfumo huo, kwa hiyo iliachwa nje, ikacheza mechi iitwayo Cotton Bowl na kufungwa na Ole Miss 47–34. Kati ya watatu, huyu ndiye aliyeondoka na kidogo zaidi, na ndiye asiyetetewa na mtu yeyote ofisini kwenu.

Utauliza pia kama jambo hili linaweza kujirudia. Kwa sura ile ile, haliwezi. BCS ilimalizika na msimu wa 2013. Big 12 yenyewe ilibaki na timu kumi na kuacha mechi ya ubingwa kuanzia 2011 hadi 2016, na katika kipindi hicho, mwaka 2014, Baylor na TCU zilimaliza 8–1 zikatangazwa mabingwa wawili, ingawa Baylor ilikuwa imeifunga TCU 61–58. Zote mbili zikaachwa nje ya mchujo wa kwanza wa timu nne, mfumo uliochukua nafasi ya BCS. Tangu 2024 mchujo una timu 12, na kwa ukubwa huo Oklahoma, Texas na Texas Tech za mwaka 2008, zilizokuwa zote ndani ya saba bora, zingeingia pamoja na kumaliza ubishi wao uwanjani. Mwaka huo huo wa 2024 Oklahoma na Texas zilihamia SEC, Texas Tech ikabaki Big 12.

Na katika kumbukumbu za Kanda ya Kusini ya mwaka 2008, Oklahoma, Texas na Texas Tech zinahesabiwa kuwa mabingwa wa pamoja. Kilichoamuliwa na ile alama 0.0128 kilikuwa ni nani asafiri kwenda Kansas City.